Kabla ya skrini, kaunta buku la mwenyekiti

Wadogo zangu mlioripoti kwenye vitengo vya TEHAMA vya halmashauri, karibuni. Mtasikia sana habari za "jiji janja": kamera, taa zinazojiwasha, skrini pana ukutani. Sawa. Lakini siku ya kwanza ulizeni rejista ya nyumba iko wapi na ilihuishwa lini mara ya mwisho.

Nasema hivi kwa sababu nilishachekwa. Mwaka wangu wa kwanza nilitoa kwenye mfumo orodha ya wadaiwa wa leseni za biashara wa mtaa mmoja, nikamtumia mtendaji. Akanipigia: "Kijana, nusu ya hawa walishahama." Mfumo haukuwa na kosa, kila deni lilikuwa na namba yake ya malipo. Ila nyumba moja ina fremu tano mbele na vyumba sita uani, mlangoni namba ni moja. Fundi cherehani kaondoka, kaingia muuza simu, sisi bado tunamdai fundi. Aliyeyajua yote hayo ni mwenyekiti wa mtaa, mama mmoja mwenye kaunta buku lililochakaa pembe. Nilikaa naye barazani asubuhi nzima, nikafuta zaidi ya nilivyoandika.

Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, kabla ya Sensa ya Agosti 23, imewapa msingi ambao sisi hatukuukuta: majina ya barabara, namba za nyumba, programu ya NaPA inayohifadhi anwani hizo. Msiutumie kwa uvivu. Ukichukua GPS ukiwa chini ya bati, alama huhama mita kadhaa, na mita kadhaa pale Tandale au Manzese ni kwa jirani. Toka nje, subiri itulie, kisha linganisha na picha ya anga.

Kwa mafuriko, someni kazi ya Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani pamoja na wananchi ulioanza Dar es Salaam 2015. Wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora nyumba, vichochoro na mitaro, wakiuliza watu maji huwa yanafika wapi. Mwenyeji anakuonyesha kwa kidole alama ya tope ukutani, na hiyo tayari ni data. Vihisio, vile vifaa vya kupima maji, vitakuja baadaye, vikija.

Jambo jingine, fupi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 1, 2023. Orodha ya wadaiwa yenye majina na namba za simu haiendi kwenye kundi la WhatsApp la kata, hata bosi akiwa na haraka.

Na mkiandaa bajeti, nauli na vocha za watakaohuisha taarifa mtaani ziandikeni mstari wa juu, kabla ya seva. Mhasibu atauliza vocha zinahusiana vipi na TEHAMA. Mpelekeni kwa yule mama akaone kaunta buku.