Usiache prednisoloni ghafla, dada

Pole, dada wa Kondele. Unauliza kama uache prednisoloni, dawa ya ini lako, kwa sababu uso umevimba, utumie mitishamba ya mama mkwe. Usifanye hivyo. Ukiikatiza ghafla baada ya muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo, zilizokwisha kuzoea kupumzika, haziamki mara moja, na unaweza kuzirai. Daktari ndiye aipunguze polepole. Ini lako lina magonjwa mawili: kwa moja, prednisoloni na azathioprini hutuliza kinga ya mwili inayoshambulia seli zake; kwa jingine, dawa ya urso (asidi ya ursodeoksikoli) hulinda mirija ya nyongo. Dawa moja haichukui nafasi ya nyingine. Mwambie mama mkwe kwamba daktari amekataza mitishamba, mingine huumiza ini; akitaka kusaidia, alete omena. Na muwasho wa usiku? Ukiandikiwa kolestiramini, dawa ya kupunguza muwasho huo, itenganishe na urso kwa saa 4 au zaidi, la sivyo kolestiramini itainasa urso tumboni.