Uliza Tukujibu: Kijana anaenda Orillia, huko wanaishi kwa lipi?

SWALI: Habari za kazi kaka mhariri. Mimi nauza dagaa hapa Kirumba mwaloni. Kijana wangu kapata nafasi chuo cha Lakehead, tawi la Orillia huko Kanada, nikamuuliza ndo wapi huko, akasema mama ni mji mdogo tu upo kando ya ziwa kama hapa kwetu. Sasa najiuliza mji mdogo hivyo unaishi kwa kitu gani? Wanavua? Akitaka kibarua cha kujishikiza atapata? Alafu kuna jirani kaniambia eti huko watu wanapita na gari juu ya ziwa, si ananidanganya huyo?
Mama wa Kirumba, Mwanza

JIBU: Salama dada, na hongera sana, maana hiyo nafasi watu wanaililia.

Tuanze na mji wenyewe. Orillia upo jimbo la Ontario, kaskazini ya Toronto kama kilomita 130 na ushee. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 33,411, yaani ukichukua Mwanza hii yenye zaidi ya milioni 1 ukijumlisha Nyamagana na Ilemela, wale wote wanaweza kupotelea kwenye kata zetu chache tu na usijue wamekaa wapi. Upo pale ziwa Simcoe linapokutana na ziwa Couchiching, katikati kuna mlango mwembamba wa maji. Na usifikirie ziwa kama hili letu, Simcoe lina kilomita za mraba 700 na kitu, Victoria ukilikatakata unapata Simcoe zaidi ya 90.

Huo mlango wa maji ndo chanzo cha kila kitu. Wenyeji walikuwa wanachomeka miti chini kwenye tope, mmoja karibu na mwenzake, wanasuka matawi katikati, wanaacha upenyo mdogo, samaki akihama ziwa moja kwenda jingine lazima apite pale kwenye upenyo na pale kuna mtu anamsubiri na wavu au mkuki. Miti mingine ya zamani ipo mpaka leo chini ya maji kwa sababu tope limeifunika hewa haifiki, wataalamu walipoipima wakakuta ina zaidi ya miaka 4,000. Mfaransa Samuel de Champlain alipofika 1615 aliikuta inafanya kazi, watu wa Huron-Wendat wanavua. Mimi hapo ndo huwa nasimama, maana ni teknolojia isiyotaka mafuta wala injini na imelisha watu miaka yote hiyo, sisi kokoro limekomba mpaka vifaranga ndani ya muda mfupi tu.

Basi wazungu wakaja wengi. 1830 serikali iliwaweka Wachippewa, kabila jingine la wenyeji, eneo hilo, 1836 ardhi ikachukuliwa kwa makaratasi ambayo wenyewe wanasema hawakuelezwa vizuri walichokuwa wanasaini, wakahamia ng'ambo ya ziwa sehemu inaitwa Rama. Kesi ya madai ya ile ardhi imekuja kumalizwa 2012, serikali ikakubali kulipa dola za Kanada milioni 307. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi ya kusubiri haki.

Uchumi wa mwanzo ulikuwa mbao, reli ikafika miaka ya 1870 magogo yakawa yanasafiri, misitu ilipopungua wakageukia viwanda. Na hapa kuna jambo ambalo mimi nawavulia kofia: 1902 halmashauri ya kamji kale, sio kampuni wala serikali kuu, ilijenga kituo chake cha umeme wa maji kwenye mto Severn na kuvuta nyaya mpaka mjini. Umeme rahisi ukavuta viwanda. Tudhope waliokuwa wanaunda mikokoteni ya farasi wakaingia kwenye magari ya injini 1908, mwaka uliofuata kiwanda kikaungua, wakajenga tena, ila biashara ya magari haikudumu ikafa kabla ya vita ya kwanza. Ule usambazaji wa umeme nao waliuuza 2020 kwa kampuni kubwa ya jimbo, mimi nisingeuza lakini sikuulizwa.

Sasa hivi wanaishi kwa nini? Jibu fupi ni mishahara na wageni. Makao makuu ya polisi wa jimbo la Ontario yapo pale tangu 1995, kuna hospitali, kuna vyuo, na kule Rama kwa wale wale waliohamishwa kuna kasino kubwa iliyofunguliwa 1996 ambayo imeajiri watu wengi wa mjini, yaani wajukuu wa waliowahamisha wanavuka kwenda kuomba kazi kwa wajukuu wa waliohamishwa. Kuna pia historia mbaya, serikali ilifungua taasisi ya watu wenye ulemavu wa akili 1876, ikawa inaajiri mji kwa zaidi ya miaka 100 huku waliomo ndani wakiteswa, ikafungwa 2009 na 2013 wakalipwa fidia. Wakati wa joto watalii wanajaa na maboti yao, wanapita kwenye mfereji wa Trent-Severn wenye kilomita 386 uliokamilika 1920.

Uvuvi wa biashara wa kufikia tenga na mizani kama hapo kwako mwaloni haupo, wanavua kwa starehe. Ziwa liliumwa pia, mbolea ya mashamba na maji machafu yakaleta mimea majini, hewa chini ikapungua, samaki wa maji ya baridi wakashindwa kuzaliana, mpaka 2008 ikatungwa sheria maalumu ya kulinda ziwa Simcoe. Sisi wa gugu maji tunaijua hiyo hadithi.

Kibarua: mwanafunzi mgeni mwenye kibali cha masomo kinachoruhusu kazi anaweza kufanya mpaka saa 24 kwa wiki nje ya chuo kipindi cha masomo. Atafute hotelini, migahawa, madukani, na aanze kuuliza mapema kabla wageni wa joto hawajafika, ila ada asiitegemee hapo.

Na jirani yako hajakudanganya. Ziwa linaganda, barafu ikishakuwa nene watu wanasogeza vibanda juu yake, wanatoboa tundu kwa keekee kubwa, wanakaa ndani na jiko wanavua kwa ndoana fupi. Kibanda kinaandikwa namba pembeni na mwezi wa tatu kinatakiwa kiwe kimeondolewa. Wengine wanaingia na pikipiki za theluji na hata magari, lakini kila mwaka unasikia mtu kazama, kwahiyo mwambie kijana asikanyage mpaka wanaokodisha vibanda waseme barafu imekaa sawa, na leseni ya kuvua akate kwanza. Koti atanunua huko huko, lile la mtumba la soko la Mlango Mmoja mwachie mdogo wake.