Shangazi anajibu: Hiyo milioni 15 ya Ijumaa usiitoe

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, ni mtumishi wa serikali, mshahara wangu wa msingi ni milioni 3 na Bodi ya Mikopo bado wananikata. Mume wangu ana duka la vipuri vya magari Kariakoo. Tumepanga Tabata mwaka wa saba sasa, tuna watoto wawili. Tumepata nyumba Goba, bei milioni 130, akiba yetu ni milioni 35. Ofisa mmoja wa benki aliniambia kwa simu kwamba milioni 100 nitapata. Nyumba ina karatasi za serikali ya mtaa, bikoni za mipaka zimeshawekwa, na muuzaji anasema hati iko njiani. Dalali anataka kishika uchumba cha milioni 15 kabla ya Ijumaa, eti kuna mteja mwingine. Nina mkopo wa kikoba na mikopo miwili ya simu, mume wangu anasema nisiitaje kwenye fomu. Halafu anataka hati iandikwe jina lake peke yake, makato yawe kwenye mshahara wangu. Nampenda na sitaki ugomvi, ila usingizi siupati. Nifanyeje? Mama wa Wawili, Tabata.*

Marahaba, mwanangu. Nianze na Ijumaa kwa sababu ndiyo iliyo karibu: usitoe hiyo hela. Huyo mteja mwingine kama yupo, naye atakutana na tatizo lile lile utakalokutana nalo wewe.

Tatizo lenyewe ni hili. Mkopo wa nyumba ni rehani, yaani nyumba inakuwa dhamana ya deni, na rehani inaandikishwa kwa Msajili wa Hati. Pasipo hati miliki hakuna pa kuiandikisha. Karatasi ya serikali ya mtaa inaonyesha kwamba watu waliuziana mbele ya mashahidi, basi. Leseni ya makazi, ile karatasi ya muda ya maeneo ambayo hayajapimwa, baadhi ya benki huipokea kwa mikopo midogo, lakini kwa kiasi unachotaka wewe watakuomba hati. Watu wengi wanaokwama hapa mjini mshahara wao hauna shida. Wanakwamishwa na makaratasi ya nyumba waliyoipenda, na wanakuja kulijua hilo wakati kishika uchumba kimeshaliwa.

Kutoka kwenye bikoni hadi kwenye hati pana safari. Ramani ya upimaji iidhinishwe, maombi ya umilikishaji yapelekwe, tozo zilipwe, hati itoke kwa jina la muuzaji, ndipo ihamishwe kuja kwenu. Kila kituo kina namna yake ya kukwama: jirani analalamikia mpaka, mwenye nyumba hajamaliza mchango wake wa urasimishaji (kupima mitaa iliyojengwa bila mpango) kwa kampuni iliyopima, au kiwanja ni cha marehemu baba na hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa hiyo mwombe dalali vitu vitatu: namba ya kiwanja na kitalu, nakala ya ramani ya upimaji, na risiti za malipo ya umilikishaji. Akikosa risiti, jua hiyo hati bado haijaanza kutengenezwa. Ukipata namba ya kiwanja, ulizia kwanza ardhi Manispaa ya Ubungo, maana Goba iko kwao, kama kiwanja hicho kinatambulika na kwa jina la nani.

Siku hati itakapotoka, usitosheke na nakala ya WhatsApp. Omba upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa, ulipie kwa namba ya malipo ya serikali, usubiri majibu kwa maandishi. Yatakuonyesha mmiliki ni nani, kama kuna rehani ya mtu mwingine, kama kuna zuio, na umiliki ni wa miaka mingapi. Hilo la miaka wengi hulipita. Umiliki ukiwa wa miaka 33 na imebaki 12, benki haitakupa mkopo wa miaka 20 juu yake. Angalia na kodi ya pango la ardhi kama inadaiwa, kwa sababu uhamisho hautapita na deni hilo.

Kama bado mnaitaka nyumba ile, andikeni mkataba wa mauzo wenye masharti, kwa wakili wenu wenyewe. Wakili aliyeletwa na dalali mshukuruni, aende. Kifungu kinachowalinda kiwe wazi namna hii (hizo milioni 88 nitazieleza mbele): "Mauzo haya yanategemea hati miliki kutoka kwa jina la muuzaji, na mnunuzi kupata mkopo wa benki usiopungua shilingi 88,000,000 ndani ya siku 90 tangu hati kutoka. Lolote kati ya hayo lisipotimia, muuzaji atarejesha malipo yote ya awali ndani ya siku 14." Malipo ya awali yawe madogo na yakae kwa wakili mpaka hati ionekane. Muandike humo pia kwamba kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida ya kuuza nyumba, inalipwa na muuzaji, maana ni kodi yake, na uhamisho hausajiliwi kabla TRA hawajaridhika. Muuzaji akikataa kifungu hicho, amekujibu.

Sasa tuje kwenye milioni 100 za kwenye simu. Yule ofisa hakuwa na slipu yako ya mshahara mkononi. Chukua kalamu. Kwenye milioni 3, PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua asilimia 5, yaani 150,000. Bima ya afya asilimia 3, 90,000. PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, ni kama 683,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15, 450,000. Jumla 1,373,000, unabaki na 1,627,000. Mtumishi wa umma lazima abakiwe na theluthi ya mshahara wa msingi, kwako ni milioni 1. Nafasi ya makato mapya ni 627,000 tu. Kwa riba ya asilimia 15 na miaka 20, kiasi hicho kinabeba mkopo wa milioni 47 hivi. Ukijumlisha na akiba yenu hamfiki hata milioni 85, na hapo hatujalipa gharama hata moja.

Ndiyo maana nakusihi usikope mkopo wa mshahara ili kuongezea kianzio, hata akikushauri nani. Utakula ile 627,000 na mkopo wa nyumba utaukosa kabisa. Mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kali, hata tusiitaje.

Bei nayo si kipimo cha benki. Benki inatuma mthamini aliyesajiliwa, na mkopo unahesabiwa kwa thamani aliyoiandika yeye. Tuseme ameandika milioni 110 na benki inatoa asilimia 80: mnapata milioni 88, muuzaji bado anadai 130. Pengo ni milioni 42, ninyi mna 35. Ongeza ushuru wa stempu asilimia 1, ada ya mthamini, wakili, usajili wa uhamisho na wa rehani, ada ya benki ya kuandaa mkopo, bima ya nyumba na bima ya maisha ya mkopaji. Mimi ningetenga si chini ya asilimia 5 ya bei kwa ajili ya hayo, ambayo kwenu ni milioni 6.5. Ripoti ya mthamini ikishuka chini ya bei, itumieni kujadiliana na muuzaji. Ni karatasi yenye nguvu kuliko maneno ya dalali.

Hapo mwanangu ndipo unapoona kwamba mumeo lazima aingie kwenye mkopo huu kwa jina na kwa kipato. Milioni 88 kwa miaka 20 kwa riba hiyo ni kama 1,159,000 kwa mwezi. Wewe una 627,000, kwa hiyo duka lionyeshe kwamba linaweza kubeba 532,000 zilizobaki bila kuyumba. Kuonyesha maana yake ni taarifa ya akaunti ya benki ya miezi 6 hadi 12, leseni ya biashara, TIN na uthibitisho wa TRA kwamba kodi inalipwa. Mauzo ya Kariakoo yanayoingia droo na kutoka droo kwenda kununua mzigo, benki hawayaoni. Aanze wiki hii kuingiza mauzo ya kila siku kwenye akaunti ya biashara, na ada za shule zisitoke humo.

Kuhusu mikopo ya simu, usifiche. Kuna taasisi za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu, na mikopo ya simu inaripotiwa huko, hata ile ya shilingi elfu thelathini uliyoisahau. Ofisa atafungua taarifa yako kabla hajafungua fomu. Deni dogo lililotajwa linaulizwa swali moja na kupita. Lililofichwa linaifanya fomu nzima itiliwe shaka, na ombi linaweza kukataliwa kwa hilo peke yake. Lipa yote mawili, subiri yafungwe, kisha omba taarifa yako mwenyewe uhakikishe yameonekana yamefungwa. Kikoba pengine benki hawatakiona, lakini marejesho yake yanatoka kwenye mfuko ule ule, kwa hiyo kimalize kwanza. Jambo dogo linalochelewesha watu: majina. Kama NIDA ina jina la baba na slipu ina jina la mume, andaa kiapo mapema.

Nimeacha la jina kwenye hati liwe karibu na mwisho kwa sababu najua ndilo linalokunyima usingizi. Anachopendekeza mumeo ni kwamba deni liwe lako na nyumba iwe yake. Sina sababu ya kumdhania vibaya, wanaume wengi wamelelewa kuona hivyo ndivyo. Lakini usikubali. Ni kweli Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na mchango wako mahakama inautambua. Ila kuutafutia mchango wako mahakamani, tena pengine ukiwa mjane mbele ya ndugu wa mume, ni mzigo ambao unaweza kuuepuka leo kwa mstari mmoja wa hati.

Tena unayo njia ya kulisema bila ugomvi, kwa sababu hesabu yenyewe inawataka wawili. Mwambie: "Baba Fulani, mshahara wangu peke yake unabeba milioni 47. Tukiomba pamoja tunapata nyumba, na tukikopa pamoja tuandikwe pamoja." Muulizeni wakili awaeleze aina mbili za umiliki. Kwenye umiliki wa pamoja mmoja akifariki nyumba inabaki kwa aliye hai. Kwenye umiliki wa hisa, hisa ya marehemu inaingia kwenye mirathi. Chagueni mkiwa mmeelewa.

Mkifika benki, ulizeni riba ni ya kudumu au inabadilika, na kama inahesabiwa kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki tu. Ulizeni adhabu ya kulipa mapema. Ulizeni pia miaka 15, kwa milioni 88 zile zile: rejesho linapanda kwa kama 73,000 tu kwa mwezi, lakini jumla mtakayolipa inashuka kutoka milioni 278 hadi 222. Kama duka linaimudu hiyo tofauti, chukueni 15. Nendeni benki mbili au tatu, majibu yao yote yawe kwa maandishi.

Kesho asubuhi mpigie dalali, umwombe namba ya kiwanja na zile risiti. Akikupa, niandikie tena tuzisome.