Maswali na majibu: Mto Pangani na barafu ya Kilimanjaro

Theluji ya Kilimanjaro ikiisha, Mto Pangani nao utakauka? (Msomaji, Moshi)

Hapana, ingawa wasiwasi wako una sababu. Barafu imepungua kweli: mwaka 1912 ilifunika takriban kilomita za mraba 12, na kufikia 2011 zilibaki chini ya 2. Lakini kileleni hewa ni baridi na kavu mno, kiasi kwamba barafu nyingi hugeuka mvuke moja kwa moja bila hata kuwa maji. Hiyo kidogo inayoyeyuka haitoshi kulisha mto wa ukubwa huu.

Aliyepanda kwa njia ya Machame anajua. Bonde la Karanga, karibu mita 4,000, ndipo mahali pa mwisho pa kuchota maji. Kambi inayofuata inaitwa Barafu, na maji hakuna! Wapagazi huyapandisha mgongoni na kichwani kutoka Karanga, tena kwenye mwinuko ambao mgeni asiye na mzigo anahema.

Anayelisha Pangani ni msitu. Upande wa kusini wa mlima mvua hunyesha kwa wingi zaidi katika ukanda wa msitu, kwenye mita 2,200 hivi, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukungu nao hunasa kwenye majani na kudondoka. Maji hayo huzama kwenye miamba ya volkano, kisha huibuka chini kama chemchemi. Ukiogelea Chemka, karibu na Boma Ng'ombe, unaogelea kwenye maji ya namna hiyo. Ndiyo maana moto uliounguza mlima Oktoba 2020 ulinitia hofu kuliko picha zote za barafu inayopungua.

Mto wenyewe unaanzia wapi? Kila mtu ananitajia jina lake. (Korogwe)

Wote wako sahihi. Kikuletwa hukusanya maji ya Meru na ya Kilimanjaro kusini, ikiwemo mito ya Weruweru, Kikafu na Karanga. Ruvu hutoka Ziwa Jipe, mpakani na Kenya (usiichanganye na Ruvu inayonywesha Dar es Salaam). Hukutana kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu, na kuanzia hapo ndipo jina Pangani linaposhika. Mbele unapokea Mkomazi na Luengera, unapita Korogwe na Hale, kisha baharini. Ukihesabu na Kikuletwa, ni kama kilomita 500.

Ni kweli Wazungu walikataa kwamba kuna theluji karibu na ikweta? (Arusha)

Kweli. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, aliiona tarehe 11 Mei 1848 akaandika. Huko London, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alimbishia kwa miaka mingi. Wachaga walikuwa wakiitazama kila asubuhi mawingu yakipisha, ila hakuna aliyewauliza.

Babu alikuwa na zamu ya mfongo. Leo tunaambiwa tutafute kibali. Haki iko wapi? (Kibosho)

Swali zito hili. Mfongo ni mfereji wa udongo unaotoa maji juu bondeni na kuyapitisha kwa mteremko mdogo sana hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba. Ukoo uliochimba ndio uliogawa zamu, na asiyekuja kuzibua matope alikosa maji. Jirani zao Wapare walijenga ndiva, bwawa dogo linalojazwa usiku ili mashamba yanyweshwe mchana.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji ni mali ya umma, na mfereji wa umwagiliaji unahitaji kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Naona mantiki yake: maji hayohayo yanasubiriwa na mashamba ya miwa ya Arusha Chini, wavuvi wa perege wa Nyumba ya Mungu na mitambo mitatu ya umeme, yaani Nyumba ya Mungu (megawati 8), Hale (21) na Pangani Mpya (68). Lakini mfongo uliochimbwa kabla serikali yoyote haijafika usihesabiwe sawa na pampu iliyofungwa juzi. Ombeni kibali kwa jina la kikundi cha mfongo mzima, si mtu mmoja mmoja, ili zamu za wazee zisivurugike.

Kwa nini maji ya mto huku Pangani mjini yana chumvi kuliko zamani? (Bweni)

Mto ukipungua nguvu, bahari hupanda. Maji mengi yanachukuliwa huko juu, hivyo wakati wa kiangazi maji kujaa husukuma chumvi mbali zaidi mtoni, na minazi ya kingoni huathirika. Kwa kunywesha bustani, choteni maji yakiwa yamekupwa, tena baada ya mvua za masika.