Ukitaka Chura, Anza na Nyenje

Wengi wanaotaka kufuga chura huanza kuuliza habari za chombo: kioo cha ukubwa gani, udongo gani, taa ipi. Hayo yana majibu mepesi. Yule chura mnene wa ardhini wa jamii ya Pyxicephalus, anayechomoza masika yakianza, hana makuu. Mpe udongo laini wenye unyevu ajifukie, pa kujificha, na beseni la maji yasiyompita mabega, maana kuogelea si fani yake. Changarawe usiweke; akirukia windo atameza na mawe, yakamziba tumbo. Kibali ulizia mapema, kwa mamlaka ya wanyamapori, yaani TAWA ukiwa Tanzania au KWS ukiwa Kenya, kwani huyo ni mnyamapori kama wengine. Kazi yenyewe iko kwenye ndoo ya nyenje, na ningekushauri uwe nayo kabla ya kumleta chura nyumbani.

Chura hula kinachotikisika mbele yake, tena hukimeza kizima. Kwa hiyo anachokipata hasa ni kile mdudu alichokula jana yake, na nyenje aliyeshinda njaa ni ganda tu. Chukua ndoo ya lita 20, kata dirisha kwenye kifuniko ulizibe kwa wavu wa chuma (wa plastiki watautafuna), simamisha trei za mayai ndani wapate pa kupanda. Maji wape kwa pamba iliyoloweshwa, kwa sababu vitoto vyao huzama hata kwenye kisahani. Chakula chao ni cha vifaranga, kipande cha karoti na sukuma wiki. Mchicha uwe wa mara mojamoja, kwani una oksaleti inayong'ang'ania kalsiamu. Weka na kopo la mchanga mbichi wa kutagia. Majani yaliyooza yatoe kila siku, la sivyo harufu itakugombanisha na watu wa nyumbani, ambao tayari watakuwa wamechoshwa na mlio wa usiku.

Hata nyenje aliyeshiba ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Mtie kwenye mfuko na unga kidogo wa kalsiamu, tikisa, kisha mpe chura papo hapo kabla mdudu hajajisafisha. Dukani kwa pembejeo utapewa DCP, unga wa madini wa kulishia mifugo. Ikatae, nayo ina fosforasi. Unachotaka ni kalsiamu kaboneti, na mara chache iliyochanganywa na vitamini D3. Chura aliyekosa kalsiamu na vitamini hiyo, taya hulainika kama mpira na miguu ikapinda, na mifupa iliyokwisha kupinda hainyooki tena.

Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya chura. Mdogo hula kila siku; mkubwa siku mbili au tatu kwa wiki zinamtosha, ingawa atakukodolea macho kama hajala tangu Idi. Usimwonee huruma. Anakaa tu, kwa hiyo ananenepa haraka. Nyenje waliobaki watoe kabla ya kulala, maana wakiona njaa wao ndio watakaomng'ata chura. Nyungunyungu wa shamba lisilopigwa dawa ni chakula kizuri sana. Mende wa jikoni muache, hujui amepita kwenye dawa gani. Nyama ya kusaga nayo haina kalsiamu ya kutosha.

Tukija kwenye maji: chura hanywi kwa mdomo, hunywa kwa ngozi ya tumbo, na humohumo kwenye beseni ndimo anamojisaidia. Badilisha kila siku. Maji ya bomba yaache wazi usiku kucha klorini ipungue, na kama mamlaka yenu ya maji hutumia kloramini badala ya klorini, hiyo haiondoki hivyo. Tafuta dawa ya kuiondoa kwa wauza samaki wa mapambo. Ya visima vya pwani vyenye chumvi usimpe kabisa. Ukimshika, mikono iwe imesuuzwa vizuri na bado imelowa, isiwe na sabuni wala mafuta. Na siku ya kupuliza dawa ya mbu chumbani, mtoe kwanza.

Mapaja na tumbo vikiwa vyekundu, mwili ukivimba, au ulimi ukikosa windo mara kwa mara, tafuta daktari wa mifugo. Piga simu kwanza, wengi wao wamezoea ng'ombe na mbwa. Ukimwona anajivua ngozi na kuila, hiyo ni kawaida.

Ukichoka naye, usimwachie mtoni. Kuvu ya chytrid, inayoshambulia ngozi ya vyura, husafiri na vyura wa namna hiyo, nayo ni miongoni mwa vinavyotajwa kuwamaliza vyura wadogo wa Kihansi, Tanzania, waliotangazwa mwaka 2009 kuwa wametoweka porini.

Ukisafiri siku tatu nne, chura mzima aliyekomaa hahitaji kulishwa. Jirani mwachie kazi ya maji peke yake, na nyenje umwambie asiwaguse.