Wahadzabe “hukusanya” asali?

SWALI: Katika makala yangu ya anthropolojia kuhusu Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, nimeandika kwamba “huwinda na kukusanya mizizi, matunda na asali.” Mhariri amelipigia mstari neno “kukusanya”. Kosa liko wapi?

JIBU: Kosa la sarufi halipo, ila mhariri wako ana sikio zuri. Kukusanya ni kuviweka pamoja vitu vilivyotawanyika: kodi hukusanywa, na takataka kadhalika. Chakula cha porini kina vitenzi vyake, na kila kitenzi hueleza kazi inayofanyika.

Mwanamke wa Kihadzabe anayechokoa ardhi kwa kijiti kilichochongwa ncha anachimba mizizi. Matunda madogo ya vichakani huchumwa. Buyu lililokwisha kudondoka huokotwa, na lile linaloning’inia bado mtini huanguliwa. Tofauti hizi si mapambo, kwa kuwa anayeokota hahitaji kupanda mti wala kurusha kitu, na msomaji wa makala ya kianthropolojia anataka kujua hilo hasa.

Asali ndiyo inayonifanya niungane na mhariri moja kwa moja. Asali hurinwa (wapo wanaotamka kulina, na hao pia wako sahihi). Mwanamume wa Kihadzabe hupigilia vigingi katika shina la mbuyu, akavikwea kimoja baada ya kingine mpaka kwenye tundu la nyuki, akawafukiza kwa moshi wa kijinga cha moto, kisha akatoa masega. Kazi hiyo yote imo ndani ya kitenzi kurina, ilhali “kukusanya asali” kunamfanya mtu aonekane kama aliyeikuta imemwagika njiani.

“Wawindaji na wakusanyaji” likiwa jina la kundi katika uainishaji wa kitaaluma limeshazoeleka, nami nisingelifuta katika utangulizi wako. (Hata “Wahadzabe” lina wingi mara mbili, maana -be ni alama ya wingi katika lugha yao wenyewe, lakini matumizi yameshalipokea.) Unapofika kwenye maelezo ya desturi zenyewe, andika hivi: “Wahadzabe huwinda kwa upinde na mishale, huchimba mizizi, huchuma matunda, huokota mabuyu na kurina asali.” Sentensi imerefuka kidogo, lakini sasa kila kazi inaonekana.