Maswali ya wasomaji: Boksi la postikadi za stesheni

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Mjomba wangu alifariki akaniachia boksi la postikadi kama mia mbili hivi, karibu zote ni stesheni za treni za Marekani, zingine zina rangi kali, zingine nyeusi na nyeupe, na nyingi hazina tarehe. Nataka kuziorodhesha vizuri ila sijui nianzie wapi. Mwaka wa kadi unaujuaje?

JIBU: Salama, na pole sana kwa msiba. Mtu aliyekusanya kadi mia mbili za stesheni hakuwa anaokota tu, kwa hiyo kabla hujapanga chochote zipige picha zikiwa hivo hivo alivyoziacha, maana yawezekana alizifuatanisha kwa njia ya reli, stesheni moja baada ya nyingine, na ukishazichanganya huo mpangilio ndo umepotea na yeye hayupo tena wa kuulizwa.

Sasa geuza kadi. Wengi tunakimbilia mbele kwenye picha wakati mwaka uko nyuma. Kama nyuma hakuna mstari wa kugawa, yaani upande wote ni wa anwani peke yake na ujumbe umebanwa huko mbele pembeni ya picha, hiyo ni ya kabla ya 1907, kwa sababu posta ya Marekani iliruhusu ujumbe na anwani vikae upande mmoja kuanzia tarehe 1 Machi 1907. Kama picha imezungushiwa ukingo mweupe, mara nyingi ni ya kati ya 1915 na 1930 hivi. Karatasi ikiwa na vimistari kama kitambaa ukiipapasa, hapo uko miaka ya 1930 mpaka mwanzoni mwa 1950, na zile zinazong'aa zenye picha ya rangi halisi zilianza 1939. Stempu nayo inasema: kutuma postikadi ndani ya Marekani ilikuwa senti 1 mpaka mwisho wa 1951, isipokuwa wakati wa vita 1917 hadi 1919 na tena 1925 hadi 1928 ilipopanda ikawa senti 2.

Ukikuta kadi za Curt Teich, kampuni ya kuchapa postikadi ya Chicago, furahi, maana wao waliandika namba zenye mwaka ndani yake. Namba ikianza na 5A ni 1935, 2B ni 1942, yaani A ni miaka ya 30, B miaka ya 40, C miaka ya 50, na tarakimu ya mbele ndo inamalizia mwaka. Kumbukumbu za kampuni hiyo ziko maktaba ya Newberry hukohuko Chicago.

Halafu hili naomba ulishike sana: muhuri wa posta unakwambia kadi ilitumwa lini, haukwambii picha ilipigwa lini. Picha moja inaweza kuchapwa na kuuzwa miaka kumi baada ya kupigwa, na stesheni yenyewe ilishaongezwa chumba au ilishaungua. Kwa hiyo kwenye orodha yako weka safu tatu, mwaka wa picha, mwaka wa kuchapwa, mwaka wa kutumwa, na usiyoijua iache wazi, usijaze kwa kukisia. Na ukiona muhuri wenye herufi R.P.O. (Railway Post Office, yaani posta ya relini) usiupite, huo ulipigwa ndani ya behewa la posta treni ikiwa inatembea, na mara nyingi unataja miji ya mwanzo na mwisho wa njia. Mabehewa hayo yalifanya kazi mpaka 1977.

SWALI: Mhariri, nina kadi mbili za stesheni moja. Moja mchana, nyingine usiku na mwezi mkubwa juu. Lakini watu ni walewale, wamesimama palepale, hata mbwa yupo palepale! Nimeuziwa feki?

JIBU: Hapana ndugu yangu, zote mbili ni za kweli kama kadi, ila usiku ndo wa kutengenezwa. Wachapaji walichukua picha moja ya mchana wakaitia giza, wakawasha madirisha kwa rangi ya njano, wakachora mwezi, wakauza kadi mbili badala ya moja. Walifuta pia nguzo na nyaya za telegrafu, na pengine walichora treni ambapo hapakuwa na treni. Tena kabla ya vita ya kwanza ya dunia kadi nyingi za Marekani zilichapwa Ujerumani na aliyetia rangi hakuwahi kuiona hiyo stesheni, kwa hiyo usije ukaandika kwamba matofali yalikuwa mekundu kwa sababu tu kadi inasema hivo.

Unayoweza kuiamini zaidi ni postikadi ya picha halisi, iliyosafishwa moja kwa moja kwenye karatasi ya picha. Chukua lenzi ya kukuzia, ile ya sonara inafaa kabisa. Ukiona vidoti ni ya mashine ya kuchapa, ukiona kivuli laini kisicho na vidoti ni picha halisi. Hizi zilienea sana baada ya Kodak kutoa kamera ya 3A mwaka 1903, ambayo filamu yake ilikuwa saizi ya postikadi, basi mpiga picha wa kijiji chochote aliweza kutoa kadi chache za stesheni yao ambayo kampuni kubwa isingejisumbua nayo.

Kwenye picha kama hiyo angalia vitu vidogo. Dirisha lililotokeza kuelekea relini ndipo alipokaa mpiga telegrafu, ili aone treni pande zote mbili bila kunyanyuka. Mkono wa signali juu ya paa ulimwambia dereva kama kuna amri ya safari ya kuchukua hapo au apite. Angalia mikokoteni ya mizigo, makopo ya maziwa, kibao cha jina. Na kwa majimbo ya kusini hesabu milango. Ubaguzi kwenye treni ulihalalishwa na mahakama kuu mwaka 1896 na stesheni nyingi za huko zilijengwa na vyumba viwili vya kungojea, cha wazungu na cha weusi, lakini wachapaji walikuwa wanauza uzuri wa mji kwa hiyo kadi nyingi zinapiga upande ule mmoja tu. Ukiuona mlango wa pili uandike. Usiache hilo lipotee, watu walipita pale kila siku.

SWALI: Naskani vipi, na nikiweka kwenye intaneti si nitashtakiwa?

JIBU: Skani pande zote mbili, dpi 600 (yaani vidoti 600 kwa kila inchi), hifadhi TIFF, faili isiyopunguza ubora wa picha, na utoe nakala ndogo ya kuonyesha watu. Kadi zenyewe weka kwenye mifuko ya poliesta, sio ya plastiki aina ya PVC, na gundi na selotepu kaa nazo mbali. Kwa sheria ya Marekani kilichochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita ni huru. Za karibuni zaidi chunguza moja moja.

SWALI: Mbona picha za stesheni zimejaa maktaba kubwa, mtu binafsi ahangaike ya nini?

JIBU: Za stesheni kubwa, ni kweli. Penn Station ya New York ilifunguliwa 1910, ikaanza kubomolewa 1963, na ina picha tele, za mpiga picha Berenice Abbott zikiwemo. Uchungu wa kuipoteza ulisukuma jiji kutunga sheria ya kulinda majengo 1965, na sheria hiyo ndo iliyoiokoa stesheni nyingine ya huko, Grand Central, mahakamani 1978. Maktaba ya Bunge la Marekani ina zaidi ya negativu na slaidi 25,000 za vioo za Detroit Publishing, kampuni ya kuchapa postikadi na picha, na picha za mpiga picha Jack Delano alizowapiga wafanyakazi wa reli wakati wa vita ya pili, nakuomba uziangalie, kuna watu mule, sio kuta tu.

Ila ile stesheni ya mbao yenye chumba kimoja, iliyofungwa treni ya abiria ilipoacha kusimama, nani ana picha yake? Pengine ni kadi moja tu, na iko kwenye boksi kama la yule msomaji wa kwanza. Ndo maana namwambia aanze kuskani na hizo, Penn Station aiweke mwisho.